Bertha Pappenheim hakuponywa na Freud, na sifa yake haiko kwenye ugonjwa

SWALI: Naandaa maelezo ya maisha ya Bertha Pappenheim kwa kikao cha kusoma cha kikundi chetu cha akina mama. Mahali pamoja nimekuta kwamba alikuwa mgonjwa wa Freud aliyepona kwa kuzungumza. Kwingine anatajwa kama tajiri aliyeanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani na kujenga nyumba ya wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Ni mtu mmoja kweli? Kama ni mmoja, nyumba ile aliiendeshaje, fedha zilitoka wapi, na mbona kuna wanaomlaumu?

JIBU: Ni mtu mmoja, dada. Ila habari hizo mbili hazina uzito sawa. Ugonjwa ulimshika akiwa na miaka 21 na ukamwandama kwa takriban miaka saba. Kazi ya kuhudumia wanawake na watoto aliifanya zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki. Ukizigawa habari hizo nusu kwa nusu utakuwa umempunja. Tuanze na ugonjwa ili tuumalize, kisha tukae kwa kituo kwenye nyumba yenyewe.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, yaani tiba ya akili kwa mazungumzo, hakumtibu hata siku moja. Daktari wake alikuwa Josef Breuer wa Vienna, aliyemhudumia kuanzia mwishoni mwa 1880 hadi Juni 1882. Baba yake alikuwa ameugua utando wa mapafu, na Bertha ndiye aliyekesha naye usiku. Yeye mwenyewe akaanza kukohoa, viungo vikapooza, macho yakamsumbua, na kuna kipindi alipoteza Kijerumani, lugha yake ya kuzaliwa, akawa anasema Kiingereza tu. Breuer alimwachia asimulie, na dalili nyingine zilipungua baada ya masimulizi hayo. Mwaka 1895 Breuer na Freud walichapisha kitabu chao kuhusu histeria (dalili za mwilini zilizodhaniwa kutoka akilini), wakampa jina la Anna O. Herufi zake walizirudisha nyuma moja moja: B ikawa A, P ikawa O.

Kitabu kinamwacha msomaji aamini kwamba mgonjwa alipona. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanahistoria Henri Ellenberger alifukua majalada ya hospitali, na majalada yanasema mengine. Julai 1882, wiki chache tu baada ya Breuer kumaliza kazi yake, Bertha alilazwa katika sanatoria ya Bellevue mjini Kreuzlingen, Uswisi. Alikuwa na maumivu makali ya neva za uso na tayari amezoea mofini aliyokuwa akipewa ili kuyatuliza. Baada ya hapo alilazwa mara tatu zaidi huko Inzersdorf, karibu na Vienna, kati ya 1883 na 1887. Kwa hiyo sentensi ya "aliponywa kwa mazungumzo" ifute. Futa pia kisa cha mimba ya uongo kinachosimuliwa kwamba kilimfukuza Breuer. Chanzo chake ni Freud akikumbuka mambo miaka mingi baadaye, na majalada hayakiungi mkono.

Jina la Anna O. lilifunuliwa hadharani mwaka 1953 na Ernest Jones, mwandishi wa maisha ya Freud, wakati Bertha ana miaka 17 kaburini. Wakati wa uhai wake watu walimjua kwa kazi tu. Katika nyumba aliyoianzisha, wakazi walipimwa na madaktari, wa akili wakiwamo, lakini matibabu ya mtindo wa Freud aliyakataa.

Sasa tuje kwenye maisha yake. Alizaliwa Vienna tarehe 27 Februari 1859. Baba yake, Siegmund, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Mama yake, Recha, alitoka ukoo wa Goldschmidt wa Frankfurt, matajiri wa siku nyingi. Ilikuwa familia ya dini iliyoshika sheria. Dada zake wawili walifariki wakiwa wadogo. Bertha alisomeshwa katika shule ya Kikatoliki ya wasichana hadi miaka 16, basi. Kaka yake mdogo Wilhelm aliendelea na sekondari na kisha sheria, wakati dada yake, mwenye akili isiyopungua ya kaka, alibaki nyumbani kushona, kupiga piano na kungoja mchumba. Chuo Kikuu cha Vienna kilikuja kufungulia wanawake mlango mwaka 1897, naye ana miaka 38. Hakuolewa.

Mwaka 1888 alihamia Frankfurt pamoja na mama yake, kwa jamaa za mama. Huko alianza chini kabisa, akigawa chakula katika jiko la supu la wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki na kuwasomea hadithi watoto wa kike katika kituo cha yatima. Mwaka 1895 alishika kwa muda uongozi wa kituo hicho cha yatima, mwaka uliofuata akathibitishwa, na akakiongoza miaka 12. Hapo alibadilisha jambo moja ambalo usiliruke. Kabla yake, binti yatima alilelewa ili apate mume. Yeye aliweka lengo jingine, kwamba binti atoke na ujuzi wa kujitunza hata kama mume hatokei. Kipindi hichohicho alikuwa akiandika kwa jina la kiume, Paul Berthold, na mwaka 1899 alitoa kwa Kijerumani tafsiri ya kitabu cha Mwingereza Mary Wollstonecraft cha kutetea haki za wanawake.

Mwaka 1904 baraza la kimataifa la wanawake lilikutana Berlin. Wakati wa mkutano huo Pappenheim na wenzake, Sidonie Werner wa Hamburg akiwamo, waliunda Jüdischer Frauenbund, Umoja wa Wanawake wa Kiyahudi, naye akawa rais wake wa kwanza. Umoja huu haukuvunja vyama vidogo vilivyokuwapo. Uliviunganisha, kila kimoja kikabaki na watu wake na mfuko wake. Bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya kukua haraka, kwani hakuna mama mwenyekiti aliyeombwa kuacha kiti chake. Katika miaka ya 1920 ulifikia wanachama wapatao 50,000. Mwaka 1907 ulijiunga na shirikisho kuu la vyama vya wanawake Ujerumani, ukawa na mguu mmoja ndani ya jumuiya ya Kiyahudi na mwingine katika harakati za wanawake wote. Ndani ya jumuiya ulidai kura kwa wanawake. Hata baada ya wanawake wa Ujerumani kupewa kura ya taifa mwaka 1918, ilibidi madai hayo yaendelee katika mabaraza ya jumuiya za Kiyahudi, mji baada ya mji.

Lakini jambo lililomkosesha usingizi ni biashara ya kuuza wasichana. Usiitaje kwa mstari mmoja; waeleze wenzako ilivyofanya kazi, vinginevyo hawataona kwa nini nyumba ya wasichana, aliyoifungua mji wa Neu-Isenburg, ilihitajika.

Mwaka 1903 alisafiri na Sara Rabinowitsch kwenda Galicia, jimbo la Austria ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ukraine, na mwaka uliofuata wakachapisha taarifa yao. Walikuta Wayahudi wengi, ufukara uliokithiri, na wasichana wasio na elimu wala kazi. Ndoa nyingi zilifungwa kidini tu, mbele ya mashahidi wawili, bila kuandikishwa serikalini. Dini iliitambua ndoa hiyo, dola haikuitambua, na kuwadi alipita katika pengo hilo. Alifika kijijini kavaa vizuri, akaposa bila kudai chochote kwa wazazi (kwa desturi yao upande wa binti ndio uliotoa mali), ndoa ikafungwa upesi, na wiki ileile akaondoka na "mkewe" kuelekea bandarini. Wakishafika Buenos Aires au Constantinople (Istanbul ya leo), binti hakuwa na cheti cha kumshitaki mtu, lugha haijui, na kwa dini yake yeye bado ni mke wa mume huyo.

Fundo la pili lilikuwa la talaka. Katika sheria ya Kiyahudi mume ndiye anayetoa hati ya talaka. Akitoweka bila kuitoa, mke anabaki amefungwa, hata miaka 20, labda upatikane ushahidi wa kifo. Akithubutu kuolewa bila hati, watoto wa ndoa hiyo ya pili hubeba doa linalowazuia kuoana na watu wa kawaida wa jumuiya. Mwanamke wa namna hiyo, hana mume wala ruhusa ya kutafuta mwingine, ni windo rahisi. Uhamiaji wa wanaume kwenda Amerika uliongeza idadi yao, na Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza zaidi, maana askari wengi walipotea bila maiti zao kupatikana. Pappenheim aliwabana marabi watafute njia ndani ya sheria yenyewe. Wengi hawakusogea.

Umoja ulijibu kwa vitendo vidogo vidogo. Wanawake waliwekwa katika vituo vya reli na bandarini kumwahi msichana anayesafiri peke yake kabla hajafikiwa na mwingine, wakampa mahali pa kulala, chakula halali kwa dini yake na anwani za kuaminika. Pappenheim mwenyewe, mwaka 1911 na 1912, alizunguka Balkani, Uturuki, Misri na Palestina, akiingia hospitalini na hadi ndani ya madanguro kuwauliza wasichana walifikaje pale. Barua za safari hizo alizichapisha 1924 akaziita kazi ya Sisyphus, yule wa hekaya za Wayunani anayesukuma jiwe mlimani nalo linaporomoka kila mara.

Haya, nyumba. Ilifunguliwa tarehe 25 Novemba 1907 Neu-Isenburg, mji mdogo kusini ya Frankfurt. Mahali hapo hapakuokotwa. Frankfurt ilikuwa chini ya Prussia, mojawapo ya dola zilizounda Ujerumani ya wakati huo, kila moja na sheria zake, na wanawake wengi waliotarajiwa walikuwa wageni au watu wasio na uraia wowote. Neu-Isenburg ilikuwa upande wa Hesse, ambako sheria kwa watu wa aina hiyo zilikuwa laini zaidi. Na bado ilikuwa jirani na kliniki za Frankfurt. Anayepanga nyumba ya hifadhi huanza kwa kuuliza polisi wa mahali hapo wana mamlaka gani juu ya wakazi wake, naye ndivyo alivyofanya.

Nyumba mbili za kwanza, zilizoshikana ukuta, zilitolewa na Louise Goldschmidt, jamaa wa mama yake. Michango ya kununua vyombo na samani ilifika mark 19,000. Baadaye majengo yaliongezwa kwa ununuzi na kwa zawadi, hadi yakawa manne. Ulizo lako la fedha lina jibu hapo: jengo la ukoo, samani za wachangiaji, na uendeshaji ukabebwa na Umoja, wahisani na watu wa kujitolea. Bertha mwenyewe alikuwa na mali ya urithi na hakuishi kwa mshahara wa kazi hiyo. Angehitaji mshahara, sidhani kama angeweza kuwasema marabi na matajiri kwa ukali aliowasema nao, kwa sababu haohao ndio wangemlipa.

Nyumba ilianza na wakazi wapatao 10 mwaka 1908. Mwaka 1928 walikuwa 152. Mjamzito alipokewa, akajifungulia katika kliniki Frankfurt, kisha akarudi na mtoto wake kwenye jengo lililotengwa kwa wajawazito na waliojifungua. Palikuwa na sehemu ya kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza. Watoto waliofikia umri walikwenda shule ya msingi ya mji pamoja na watoto wa majirani. Wasichana wakubwa walijifunza kupika, kufua, kushona na kulea. Sheria za chakula zilishikwa bila mchezo, hata chini ya nyumba palikuwa na jiko la peke yake kwa ajili ya Pasaka ya Kiyahudi, linalotumika mara moja kwa mwaka. Gharama ya jiko la namna hiyo unaweza kuiona kama upotevu. Mimi naiona kama kinga: jumuiya iliyokwisha kuinunia nyumba ya "wasichana walioharibika" isingepata kosa la kushika kwenye sufuria.

Vifaa vilikuwa haba kwa makusudi. Bafu hazikuwa na maji ya bomba, na mfumo wa kupasha nyumba joto uliingia mwaka 1920 tu. Hoja yake ilikuwa kwamba binti anajifunza kuendesha nyumba ya Kiyahudi kwa fedha kidogo, kwa hiyo ajifunzie katika hali atakayoikuta. Wapo waliosema amezidisha, na kwa watoto wachanga katika baridi ya Januari ya Ujerumani ni vigumu kuwapinga. Upande mwingine hakuwa bahili: bustanini palikuwa na chemchemi ya sanamu iliyochongwa na Fritz J. Kormis kutokana na hadithi aliyoitunga Pappenheim juu ya korongo aliyefukuzwa, na Martin Buber, mwanafalsafa rafiki yake, alifika mara kadhaa kuzungumza na wakazi.

Jambo moja zaidi linaitofautisha nyumba hiyo na sadaka za kawaida. Msaada haukuishia mlangoni. Aliyeondoka alifuatiliwa kwa muda mrefu ili asirudi alikotoka. Alikataa kata kata nyumba yake ifanane na gereza la watoto lenye mabweni marefu, chumba cha adhabu na vibao vya majina ya wafadhili ukutani. Alisema wazi pia kwamba hata nyumba nzuri ya namna hiyo ni mbadala tu wa malezi ya familia.

Utawanyiko wa sadaka ulimkera. Kila mji ulikuwa na vijifuko vyake, mhitaji mmoja akapewa mara tatu na mwingine asionwe na mtu. Alidai vyama viache kutawanya nguvu, na mwaka 1917 kikaundwa chombo kikuu cha ustawi wa Wayahudi wa Ujerumani.

Lawama sasa, na zimegawanyika. Zilizotoka kwa viongozi wa jumuiya wakati wake zilikuwa za kuogopa aibu: kusema hadharani kwamba kuna Wayahudi miongoni mwa wauzaji wa wasichana, na miongoni mwa wanaouzwa, ni kuwapa silaha wanaowachukia Wayahudi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa waenezaji chuki waliyatumia maneno hayo kweli. Yeye aliona kunyamaza kunawalinda wauzaji, na katika mkutano wa London wa 1910 dhidi ya biashara hiyo alikuwa miongoni mwa waliosema bila kuficha. Nampa haki hapo.

Lawama ya pili ni ya wasomi wa leo, kwamba mtetezi wa haki za wanawake aliwafundisha wasichana ufagio na sufuria. Ina ukweli wake. Lakini kazi za ndani ndizo zilizopatikana kwa binti asiye na cheti, na yeye mwenyewe aliamini kwa dhati kwamba nyumba ya Kiyahudi ni mahali pa heshima. Ukimfanya mwanaharakati wa kisasa utakuwa umemvisha nguo isiyo yake.

Ya tatu ndiyo nzito. Aliupinga Uzayuni, harakati za kuwajengea Wayahudi taifa lao Palestina, na Wanazi walipochukua dola mwaka 1933 hakuafiki watoto wapelekwe Palestina bila wazazi wao. Aliyetumia maisha yake yote kupambana na watoto kutenganishwa na jamaa hakuweza kuona kwamba safari hii kutengana ndiko kulikookoa. Hata hivyo mwaka 1934 alifikisha kundi la watoto wa nyumba yake salama Uingereza, na sheria za Nuremberg, zilizowanyang'anya Wayahudi uraia kamili, zilipotangazwa Septemba 1935 alibadili msimamo, akaunga mkono watu kuhama. Mwaka huohuo, tayari ana saratani, alikutana Amsterdam na Henrietta Szold, mwanamke wa Marekani aliyesimamia kuhamisha vijana kwenda Palestina. Usiifiche sehemu hii ya maisha yake, na usiisome kana kwamba yeye alijua tunayoyajua sisi baada ya 1945.

Majira ya kuchipua ya 1936 aliitwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Offenbach kuhojiwa, kwa sababu msichana mmoja wa nyumba, mwenye ulemavu wa akili, alitamka neno baya juu ya Hitler. Alikwenda akiwa mgonjwa sana. Alifariki Neu-Isenburg tarehe 28 Mei 1936 na kuzikwa Frankfurt kando ya mama yake. Usiandike kwamba alikufa kambini. Wanaomchanganya hivyo wanachukua yaliyowapata aliowaacha. Usiku wa mashambulizi ya Wanazi dhidi ya Wayahudi, Novemba 1938, na siku iliyofuata, jengo kuu la nyumba lilichomwa moto na jingine likavunjwavunjwa. Umoja nao ulifutwa baada ya mashambulizi hayo. Hannah Karminski, aliyemuuguza siku za mwisho na aliyekuwa nguzo ya Umoja, alipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1942 na hakurudi. Tarehe 31 Machi 1942 Gestapo waliifunga nyumba, na waliobaki ndani yake wakapelekwa kambi ya Theresienstadt. Moja ya majengo lipo hadi leo kama mahali pa kumbukumbu na semina.

Kwa kikao chenu, kama mna saa moja, ugonjwa upewe dakika tano, Galicia na talaka dakika 20, na muda uliobaki nyumba pamoja na miaka ya 1933 hadi 1936. Wape pia nafasi ya kubishana kuhusu maji ya bomba, wana mama hawatakosa la kusema. Ukitafuta picha, kuwa mwangalifu: ile inayomwonyesha amevaa mavazi ya karne ya 17 haikuwa nguo yake ya kila siku. Alijivika kama Glückel wa Hameln, mfanyabiashara mjane wa Kiyahudi aliyeandika kumbukumbu za maisha yake, jamaa wa mbali wa ukoo wake, ambaye kumbukumbu zake Pappenheim alizitafsiri kutoka Kiyidi na kuzichapisha mwaka 1910. Picha aliyopiga akiwa amevaa mavazi ya kupandia farasi ni ya 1882, kipindi cha Bellevue. Ifaayo kwa mada yako ni yoyote ya uzeeni.